Bega la Sechelela

Alikuja zahanati ya Hombolo mwezi wa kupogoa mizabibu,
mkono wa kulia ameubeba kwa wa kushoto
kama mtoto wa jirani.
"Bega," akasema. Basi.
Nami nikaandika: bega.

Nikampa diklofenaki na maneno juu yake:
weka mkasi chini wiki moja.
Weka mkasi chini! Na ada ya Ndahani?

Akarudi. Homa kidogo, ya jioni tu.
Malaria hakuna.
Mkwewe alishamchua kwa samli,
mtu wa Chamwino alishamchanja chale tatu.
Bega lenyewe halikuwa na neno:
nililizungusha kama bawaba iliyotiwa mafuta,
likazunguka.

Hapo ndipo nilipaswa kuuliza.

Mara ya tatu bodaboda ilimleta amejikunja,
anapumua nusu nusu.
Nikamgonga ubavu kwa kidole kimoja
akaita jina la mamake.

Mjini walimpiga ultrasaundi.
Jipu, ndani ya ini.
Sindano ikavuta usaha rangi ya uji wa ulezi,
bakuli zima, na bado.

Daktari alinipigia simu usiku. Hakunikemea;
angenikemea ingekuwa nafuu.
Alisema tu: ini halina mdomo,
huazima mshipa wa fahamu, likalilia begani.

Leo kaniletea zabibu, ndoo nzima,
kaishika kwa mkono wa kulia.
Nimemuuliza anaumwa wapi.
"Siumwi."
Nimemgonga ubavu, hata hivyo.