Ghorofa ya Saba

Mhudumu katuwekea menyu nzito kama mlango.
Shangazi Mwanakombo hakuifungua.
Kashika ukingo, anaihesabu Ngamiani
kwa kidole: barabara ya tisa, ya kumi,
ya kumi na moja,
"Lile bati lenye tairi juu, langu."

Miaka thelathini analala chini yake,
leo ndiyo kwanza analiona mgongo.
"Kumbe limeoza hivi," akasema taratibu,
kama aliyeonyeshwa kisogo chake kwenye kioo.

Pweza akaletwa, ndimu pembeni, moshi ungali juu.
Mvua ikaanzia Pongwe,
ikaja kwa miguu, haina haraka.
Akaisukuma sahani kwa yule kijana:
"Nifungie, baba.
Nguo nimeziacha kambani,
na hizo hapo,
naziona."