Wastani wa Dakika Tisa

Ukumbini Nyali vitambaa vya meza vimekauka kwa wanga,
na kila kiti kimefungwa utepe mgongoni
kama bandeji ya mwanafunzi wa wiki ya kwanza.
Mwachiti kavaa koti la shemejiye.
Mikono imemzidi; anaikunja, inashuka,
anaikunja.

Mshereheshaji anapasua bahasha:
Tuzo la Ubora na Ubunifu, Huduma za Ambulensi,
"wastani wa dakika tisa, toka simu hadi mlangoni!"
Makofi. Naitwa jina langu zima,
Mwanamkuu Shee Abubakar,
kama aniitavyo mama nikikosea.

Ubunifu wenyewe ni mkokoteni.
Kule Kibokoni gari letu lilikwama kwenye kinywa cha kichochoro,
vioo vya pembeni vikikwaruza kuta za nyumba mbili,
na juu, ghorofani, fundi cherehani kaanguka kifudifudi
juu ya kanzu aliyoahidi kuitoa Ijumaa.
Akatokea Kitsao, hamali wa Marikiti.
Akamwaga viazi vya mtu chini,
akasema, "Mleteni."
Hakusema jingine.
Tukamlaza mgonjwa palipokuwa na viazi,
Kitsao akavuta, shingo imemtoka mishipa,
"Njia! Njia jamani!"
na mapaka yakaruka vibarazani.

Baadaye tukatia godoro, mikanda, magurudumu ya pikipiki,
tukaandika ripoti, kurasa kumi na mbili.
Ndani ya ripoti Kitsao anaitwa mdau wa jamii.
Viazi alilipa Mwachiti.
Leo Kitsao hayupo. Kadi za mwaliko zilikuwa mbili.

Wastani nilifundishwa darasa la sita:
unajumlisha, unagawanya, unapiga mstari chini.
Aliyefikiwa kwa dakika nne yumo.
Nyevu wa Mtongwe naye yumo:
kivuko kimoja kibovu, cha pili kimeshang'oa nanga,
na mimi redioni, "Wanakuja, bwana, wanakuja,"
dakika arobaini na moja.
Mumewe hakukata simu.
Niliyekata ni mimi.
Kisha wakamgawa Nyevu kwa wagonjwa elfu mbili,
akabaki sekunde moja.

Nimeshika kioo, kizito, kimechongwa mfano wa mwali wa moto
(moto wa nini, sikuuliza).
Naambiwa niseme neno.
Nikasema ahsanteni.
Lilikuwapo jingine, lilifika hapa kooni,
nikasema ahsanteni tena.

Mezani Mwachiti kageuza orodha ya vyakula,
anaandika nyuma yake, ulimi nje kidogo:

*Tuzo tayari tunalo, kioo chenye kung'aa,*
*Lakini tairi nalo, la mbele limechakaa,*
*Nililoomba ni hilo, tangu Juni nimekaa,*
*Sifa haziuzwi kilo, tukanunua bidhaa.*

Nikacheka hata meza ya wafadhili ikageuka.

Kuku hajaletwa, simu ikalia.
Changamwe, lori na bodaboda, watu wawili, mmoja anaongea.
"Kwani zamu ya leo ni ya nani?"
"Wako Mshomoroni na mjamzito."
Gari tulikuwa nalo pale nje,
maana nauli haikuandikwa kwenye mwaliko.
Koti la shemeji likabaki limekaa kitini peke yake,
mikono imening'inia.

Darajani kioo kikatoka kwenye boksi lake,
kikawa kinabingirika chini ya machela, ngo, ngo,
kila kiungo cha daraja, ngo.
"Kizibe hicho!" Mwachiti akapiga kelele.
Nikakiviringisha blanketi.
Tulipofika Makupa nikalichukua blanketi,
nikalikunja, nikaliweka tayari juu ya machela.
Kioo kikaanza tena.

Taa za lori zilikuwa bado zinawaka, zikimulika mtaroni.
Mwachiti akavuta breki, akatazama saa ya dashibodi.
"Kumi na saba," akasema.
"Tumewaharibia wastani wao."

Mimi nilikwisha fungua mlango.