Fundo

Jumanne tulimzika Ruzizi, mvua ikinyesha.
Sajini Bashwira wa jeshi la majini,
miaka ishirini na sita juu ya Kivu na Tanganyika,
na nyumbani Kadutu akiogopa kuoga maji baridi.

Mama alimchemshia. Kila alfajiri. Beseni la buluu.

Usiku alituhesabu kwa filimbi:
Nsimire! Murhula! Ashuza!
hata tulipokuwa na watoto wetu,
hata Ashuza alipohamia Kindu: filimbi kwenye simu,
naye akiitika, "Nipo, baba."

Leo mbuzi analia uani.
Fundo la kamba yake alilifunga marehemu,
hakuna kati yetu anayejua linakoanzia.
Murhula amechukua kisu.

Mama kamshika mkono:
"Acha. Mleteeni majani hapo hapo."