Kabla ya Uzi

Mama yangu, Hemoprova, anafuma hariri Sualkuchi.
Mguu wa kulia ndio unaokanyaga.
Miaka arobaini: kanyaga, rusha, gonga,
na gegedu la goti limelika
kama kizingiti cha nyumba yenye wageni wengi.
Husema haliumi. Ngazi ndizo zinazomuumbua.

Mimi nafanya kazi ng'ambo ya pili ya Brahmaputra,
maabara ya ghorofa ya tatu, Guwahati,
koti jeupe lenye doa la chai.
Naletewa viwavi wa muga, wanene, wa kijani,
siku moja kabla hawajaanza kusokota.
Nawapasua.
Ndani mna tezi mbili, na ndani ya tezi
ute mzito ambao bado haujaamua kuwa uzi.
Naumimina katika kalibu ndogo kama kifungo cha shati,
naugandisha, naukausha kwa baridi
hadi uwe sifongo: vyumba maelfu, vitupu,
milango wazi.
Kisha nazikaribisha seli.

Protini ya muga ina herufi tatu katika mnyororo wake
ambazo seli huzitambua kwa kupapasa gizani,
kama mama anavyoujua uzi uliokatika
bila kuinama.
Zikishashika, hujenga.
Na kiunzi huliwa na mwili, taratibu,
mianzi ya fundi ikifunguliwa mmoja mmoja
ukuta ukishasimama.

Nilimweleza haya jikoni. Aliniuliza
kuhusu viwavi tu.
"Mimi nawachemsha wakiwa wamemaliza kazi.
Wewe unawaua hata neno hawajasema."
Sikuwa na jibu. Nikamenya vitunguu.

Baadaye sana: "Na goti langu, lini?"
Nikasema tuko kwenye mbuzi bado.
Wa tatu yuko wiki ya tisa, juzi karuka kizuizi.
"Basi mbuzi atanitangulia juu,"
akasema, akacheka hadi akashika ukuta.

Alfajiri nasikia kitanda cha mfumi.
Kanyaga.
Rusha, gonga.
Safari hii kuna pengo, na nalihesabu
nikiwa bado nimelala.

Nawahi pantoni ya saa moja.
Viwavi kumi na wawili wako kwenye trei,
wameanza kutikisa vichwa huku na huku
wakitafuta pa kuanzia.