Nafasi ya Sinia

Miaka kumi na mmoja nilikata minofu ya sangara
kiwandani, Ilemela, miguu ndani ya buti za mpira,
baridi ikinipanda kama deni.
Waliponipunguza kazini nilitoka na bahasha,
kisu kimoja,
na macho yasiyozoea jua.
Nikanunua robo eka Sangabuye,
mteremko unaotazama ziwa,
mawe matatu makubwa kama nyumba,
mengine kama mbuzi waliolala,
na katikati yake nikapanda miparachichi ishirini na miwili
ya kubebesha, kila mmoja urefu wa goti la mtoto.

Nikafanya nilichokijua: usafi.
Kiwandani tuliosha sakafu mara nne kwa zamu.
Nikalima, nikang'oa, nikafagia
hadi shamba likang'aa kama uwanja wa nyumba yenye mgeni.
Mgeni mwenyewe alikuwa jua.
Alikaa, hakuinuka.
Udongo ukapasuka. Mvua ya kwanza ya vuli
ikaushika mkono udongo wangu
ikashuka nao ziwani, mwekundu,
mbele ya macho yangu, bila kuaga.

Kwandu, jirani wa juu ya mawe,
hakunipa pole. Alinipa mbegu kumi na nne
ndani ya karatasi ya daftari la hesabu la mwanawe.
"Umewavika watoto kofia," alisema,
"ukawakalisha kwenye kikaango.
Panda maboga. Na kunde kule mawe yanakoanzia."

Kwanza nilizika mapanki, ndoo mbili,
kwa heshima ya zamani.
Mbwa wa Kwandu akayafukua usiku.
Nikayazika tena, nikaweka jiwe.
Kisha mbegu, ncha chini, mbili mbili.

Wiki ya tatu maboga yakaanza kutembea.
Sina neno jingine. Jioni ncha iko hapa,
asubuhi imevuka kamba ya mpaka,
imemkagua jirani, iko njiani kurudi.
Majani mapana, yenye vinyweleo,
kama viganja vya mtu anayetuliza umati: kaeni, kaeni.
Nikainua moja saa saba mchana:
chini yake bado ilikuwa asubuhi.
Unyevu. Chura mmoja. Harufu ya mtungi.
Nikalirudisha jani taratibu
kama mtu aliyefungua, kwa bahati mbaya, chumba cha watu.

Milembe akachuma majani machanga, akayavua nyuzi,
akayapika kwa karanga.
Mafungu yaliyobaki yakaenda Igombe, mia tano mia tano.

Lakini boga halina adabu.
Vile vidole vyake vyembamba, vilivyojikunja
kama waya wa simu ya mezani,
viliukamata shingo mparachichi wa saba,
vikaupanda, vikaufunika shuka la maua ya njano,
nami nikawa napita kila siku nikiyasifu maua.
Nilipofunua, ndani kulikuwa na kijiti.
Mchwa walikwisha kula
wakaziba mlango kwa udongo.

Nilikaa pale. Nikakumbuka
simu za Lugendo kutoka machimboni:
"Baba, huku poa tu. Poa kabisa,"
nami nikiisifu sauti.

Siku hizi umande haujakauka napita na kisu cha minofu,
nakata kidole kimoja kimoja, nageuza kamba ya boga ielekee kwingine,
naachia kila mti nafasi ya sinia,
mahali pa kuliona shina uchi
na kuliuliza hali.
Kivuli kikae miguuni. Kooni hapana.

Jana nilimpigia Lugendo.
Akasema poa. Sikujibu.
Tukasikilizana tukipumua, salio likiliwa,
mpaka akasema, "Baba,
mwezi wa tatu huu sijalipwa."

Nikamwambia, njoo.
Pale kwa wa saba nimechimba upya.
Mapanki nimeshayazika.
Mbwa keshayafukua.