Gramu Arobaini

Jumatatu ya kwanza ya Januari, Nakuru.
Upepo unashuka Menengai na vumbi lake,
wazazi wamepiga foleni kwenye duka la sare.
Mimi nafungua sanduku la mbao,
napangusa mawe ya mizani, moja moja:
kilo tano, kilo mbili, kilo,
hadi lile la gramu tano, dogo kama kifungo cha shati la mtoto.
Hayashikwi kwa mkono mtupu. Jasho lina uzito.
Ndilo somo la kwanza nililopewa kazini,
na baada ya miaka kumi na tisa
sijapata jingine la kulishinda.

Tarishi ameleta fomu.
"Taja mafanikio yako matatu. Taja malengo."
Sahihi ni ya Sigilai,
kijana niliyemfundisha kushika kibano,
leo ana ofisi yenye zulia na ananiita "madam"
kwa sauti ya mtu anayefunga dirisha.
Simwonei kijicho.
Haya, namwonea kidogo, Jumatano hasa, siku ya mikutano.

Nilitaka kuwa mwalimu wa fizikia.
Nimekuwa yule mwanamke wa koti la kaki
ambaye akitokea sokoni watu hukohoa.
Nimekataza lumbesi kutoka Njoro hadi Mau Narok,
nimebandikwa majina, nimeahidiwa paja la mbuzi,
nikalikataa, na usiku nikakaanga sukuma
nikijisifu peke yangu jikoni.
Binti yangu aliulizwa darasani mama hufanya kazi gani.
"Anapima mizani," akajibu.
Wakacheka. Nami nilicheka, baadaye, si sana.

Basi niandike nini?
Kalamu inaniburura hadi kwa jambo lisilo na nafasi kwenye fomu.

Wamaitha, muuza maharagwe,
kibanda cha nne ukitoka kwa msaga unga, Kaptembwo.
Mumewe alizikwa Alhamisi, Jumanne nikafika.
Nikaweka jiwe la kilo.
Mshale ukasema kilo na gramu arobaini.
Hakulia. Angelia ningejua la kufanya.
Alitazama tu mikono yangu.
Nikapiga muhuri.
Mwaka uliofuata nikapiga tena,
maana muhuri wa jana ungeuliza habari za leo.
Mara tisa.

Leo nimepiga hesabu nyuma ya fomu:
kilo thelathini kwa siku, siku mia tatu, miaka tisa.
Magunia thelathini na sita,
yaliyotolewa kwenye sufuria za watu, kijiko kwa kijiko,
na huruma yangu.
Paja la mbuzi nililikataa. Haya je?

Alasiri nimekwenda na fundi Okwiri.
Skrubu moja chini ya sahani ilikuwa imelegea.
Dakika kumi. Shilingi mia tatu, nimetoa mimi.
Wamaitha ametazama mshale ukitulia panapostahili,
akaniuliza bila hasira:
"Kumbe ulikuwa unajua?"
"Nilijua."
"Mimi sikujua," akasema.
"Kila Januari ukinyamaza hapa,
nilidhani unamkumbuka marehemu."
Kisha akageuka kumhudumia mtoto aliyetumwa nusu kilo,
na nusu kilo ikawa nusu kilo.

Nimerudi ofisini, wenzangu wameshatoka.
Kwenye mafanikio nimeandika: skrubu moja.
Sigilai atadhani ni mzaha.
Nafasi mbili nimeziacha wazi,
na kwenye malengo sijaandika kitu bado,
kwa kuwa nikifunga sanduku nimeona
alama ya kidole kwenye jiwe la kilo,
yangu,
na sikumbuki ni saa ngapi nililishika kwa mkono mtupu.