Mkono wa Kulia Huchelewa

Nilikuta jina lako chini ya mguu wa piano,
katika chumba cha chini cha kanisa, Moberly, Missouri.
Mtu alikunja karatasi mara nne
ili piano isiyumbe.
Mimi ni fundi; nimeitwa kukaza nyuzi, si kusoma.
Nikapiga magoti, nikaichomoa, nikaikunjua:
panya wamekula pembe moja,
na juu, kwa wino uliogeuka rangi ya chai,
*Leander Tibbs, 1904.*

Nikaanza kuulizauliza.

Bi Ozella Crume, miaka tisini na sita,
alikukumbuka kwa ufagio.
“Alifagia shule yetu,” alisema. “Hatukujua kitu.
Tulijua tu kwamba hafagii kama watu:
fyaa, fyaa, kimya, fyaa.
Tulikuwa tunamcheka.”

Mengine nimeyaokota kwenye madaftari ya kanisa,
kwenye barua mbili, kwenye risiti.
Mama yako alifua mashuka ya hoteli ya reli.
Wewe ulimbebea makaa mjane wa Kijerumani, Bi Holtgrewe:
ndoo moja, nusu saa ya piano.
Majira ya baridi yalipokuwa makali
ulijifunza upesi.

Koti moja la mtumba na dola kumi na mbili,
hayo ndiyo malipo ya Kansas City.
Mchapishaji akabadili jina la wimbo,
akabadili na jina la mtunzi, akaliweka la shemeji yake.
Kwenye jalada wakachora mtu mweusi anayecheka,
asiyefanana nawe
wala na yeyote uliyewahi kumwamkia.
Uliliona dukani, nyuma ya kioo.
Ulikuwa umevaa lile koti.

Lakini karatasi hii ni mkono wako mwenyewe.
Nimeisoma usiku kucha, kidole mezani.
Mkono wa kushoto ni kibarua wa reli:
hufika saa yake, huinua, hutua, huinua, hutua,
haulizi mshahara.
Mkono wa kulia huchelewa.
Huja na visingizio, kofia upande,
hukanyaga palipo wazi kati ya hatua mbili za mwenzake,
na hawagombani!
Ndiyo ragtaimu yote hiyo, Bwana Tibbs:
mmoja hasubiri, mwingine haharakishi,
na nyumba haianguki.

Kisha sehemu ya tatu sauti inashuka,
kama mtu aliyefika mlangoni akakumbuka kitu.
Pembeni umeandika: *hapa Ottie aliacha kupika.*
Alikufa kwa homa ya mafua, mwaka wa kumi na nane.
Piano ikauzwa kulipia jeneza.
Sijui ulipiga wapi tena. Labda hukupiga.
Mjini walikwisha kutaka muziki mwingine,
wenye tarumbeta.

Jumamosi nilimaliza kazi.
Vibonye vinne vimepoteza pembe yake ya ndovu;
nilivibandika upya, nikawaza mabega
yaliyobeba meno yale kutoka porini,
ambayo nayo hayakuandikwa popote.

Bi Ozella akaletwa, akaketishwa karibu na jiko.
Nikakupiga. Vibaya mwanzoni, kwa aibu,
halafu vidole vikasahau kuwa ni vya fundi.
Nikafika palipoliwa na panya.
Mkono wa kulia ukakosa pa kwenda.
Wa kushoto haukujua; ukaendelea,
huinua, hutua, huinua, hutua,
peke yake, kama aliyeachwa kituoni.

Nyuma yangu fimbo ikagonga sakafu.
Ta, ta.
Kimya.
Ta.
Sikugeuka. Niliogopa angeacha.
Alikuwa na macho yamefumba, waliniambia baadaye,
na mdomo ukisema fyaa, fyaa,

na piano, isiyo tena na jina lako chini ya mguu,
ikayumba.